Herufi ya Mlango wa Tekla

Habari za njia tuziache njiani. Kila aliyewahi kusafiri ana zake, za vumbi na za kuibiwa mkoba, wala hazizidiani sana. Itoshe kusema kwamba Skolastika, mjane wa marehemu Gaudensi, alifika Nchi ya Miraba akiwa na kanga za kubadilisha, rozari shingoni na dawa ya kidonda iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuja kwa jambo moja tu: kumchukua mdogo wake Tekla, aliyeolewa huko na kufiwa huko. Mchuuzi wa chumvi alikuwa ameleta habari kwamba mguu wa Tekla una kidonda kinachonuka. Skolastika alitaka kumfikisha hospitali ya misheni kabla mguu haujawa wa kukatwa.

Nchi ile imejengwa kama fumbo la maneno, lile la visanduku ambalo watu hujaza kwenye gazeti. Kuna mitaa ya mlalo, inayokwenda kutoka mashariki hadi magharibi, na kuna mitaa ya wima, inayoteremka kutoka mlimani hadi bondeni. Kila nyumba ni kisanduku kimoja. Juu ya kila mlango kuna ubao, na kwenye ubao mwenye nyumba huandika kwa chaki herufi moja. Mwanzoni mwa kila mtaa limesimamishwa jiwe lenye kidokezo, na wenye mtaa wanatakiwa kukifumbua ili herufi za milango yao, zikisomwa kwa mfuatano, zitoe jibu. Mahali ambapo kwenye gazeti pangekuwa na kisanduku cheusi, kule pana kiwanja kitupu. Hakijengwi, hakina herufi, watu humwaga majivu hapo.

Wenyeji wanaamini kwamba siku milango yote itakapokubaliana, nchi itasomeka kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao watajua Mungu aliwakusudia nini. Hiyo siku haijafika. Wanaingojea kwa bidii kubwa na kwa ofisi nyingi. Wana Mkuu wa Chaki, wana Mkaguzi wa Vibao, wana hata Msimamizi wa Vifutio, mtu mnene mwenye heshima zake, ingawa katika nchi yote hakipatikani kifutio hata kimoja.

Skolastika alianzia Ofisi ya Vidokezo, maana ndiko mgeni anakopelekwa. Karani wa hapo aliitwa Kasanda, mtu mzima mwenye tai na sauti ya kuimba.

"Hodi humu."

"Karibu, uliyetoka usikokuwapo."

Skolastika akaliacha hilo lipite. "Mwanangu, namtafuta mdogo wangu, Tekla. Anaumwa. Nyumba yake iko wapi?"

"Anakaa panapogombaniwa na wasiogombana naye."

"Nimeuliza nyumba, baba."

"Na mimi nimekujibu, mama. Ukitaka ufafanuzi wa kidokezo, unapewa kidokezo cha kidokezo. Lakini nakuonya, hicho ni kigumu zaidi."

"Na mtu akitaka jibu la wazi?"

Kasanda alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeulizia treni kwenye kijiji kisicho na reli. "Jibu la wazi lilikuwa na ofisi yake. Ilifungwa. Ufunguo tunao, ila tumeambiwa ulipo kwa fumbo."

Sheria tu ndizo zinazosemwa waziwazi katika nchi ile, kwa sababu adhabu haiwezi kungoja mtu afumbue. Kasanda alizisema kwa moyo, akiwa amesimama. Kila mwenye nyumba huandika herufi yake kwa mkono wake mwenyewe, hakuna wa kumwandikia. Jibu halitamkwi, anayeulizwa husema "nimeipata" na kunyamaza. Watu wa mlalo na watu wa wima hawasalimiani, wasije wakaibiana majibu. Nyumba iliyoko mitaa miwili inapokatana huitwa nyumba ya makutano, na mwenye nyumba hiyo havuki kizingiti chake mpaka mitaa yote miwili iikubali herufi yake.

"Hata akiwa mgonjwa?" Skolastika akauliza.

"Herufi haijui kuumwa, mama."

Alimpata Tekla kwa kuifuata harufu ya kidonda, Mungu atusamehe kwa kulisema. Nyumba yake ilikuwa ya makutano. Ilikuwa ya nne kwenye Mtaa wa Mlalo, na hiyo hiyo ilikuwa ya mwisho, ya sita, kwenye Mtaa wa Wima. Chini ya mlango unga wa chaki ulikuwa umejaa kama kwenye mashine ya kusaga. Tekla alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umelala juu ya gunia, umevimba mpaka goti limepotea.

"Dada," alisema, akaanza kulia. "Umekuja na sabuni?"

"Nimekuja kukuchukua. Sabuni iko huko nyumbani."

Skolastika hakuwa mtu wa kungoja. Alimbeba mgongoni asubuhi ile ile, akatoka naye. Mwisho wa mtaa mgambo wawili waliwasimamisha, wakaamkia, wakauliza hali za nyumbani, wakasifu nguvu za mama, kisha wakawarudisha wote wawili mpaka kizingitini kwa adabu nyingi. Ndipo Tekla akaeleza mkasa wake.

Kidokezo cha Mtaa wa Mlalo kilikuwa hiki: *Mpangaji wake halipi kodi wala hahami.* Watu wa mlalo walishajibu KABURI, wakaandika milango yao yote, na mlango wa Tekla walitaka uandikwe U. Kidokezo cha Mtaa wa Wima kilikuwa hiki: *Mpe jirani, yako haipungui, na itarudi mlangoni kwako.* Watu wa wima walishajibu HEKIMA, nao mlango wa Tekla walitaka uandikwe A. Basi asubuhi watu wa mlalo wanakuja, wanasimama, anainuka na mguu wake anaandika U. Jioni watu wa wima wanakuja, anainuka anafuta kwa kiganja, anaandika A.

"Kila siku?"

"Kila siku, dada. Jumapili tu wananiacha, wanakwenda kuniombea niandike kwa amani."

"Na hawa wa wima, hawaoni kwamba herufi yao inaliharibu kaburi la wenzao?"

"Wanasema liandikwe KABARI. Ati kabari ukishaipigilia kwenye gogo, nayo hailipi kodi wala haihami."

Skolastika, pamoja na machungu yote, alicheka. Kisha akauliza lile ambalo mgeni yeyote angeuliza: hawa wa wima wana hakika gani na HEKIMA yao? Jibu lilikuwa juu ya mtaa, kwenye nyumba ya kwanza. Hapo alikaa Mheshimiwa Lugome, mkuu wa mtaa wote wa wima. Herufi yake, H, haikuandikwa kwa chaki. Marehemu baba yake aliifinyanga kwa saruji, ikakauka. Tangu hapo kila aliyejenga chini yake alitafuta neno linaloanzia na herufi ile, wakapata HEKIMA, wakapigiana makofi, wakaacha kutafuta.

Usiku ule Skolastika alisali, akasafisha kidonda, akalala. Alipoamka alikuwa ameshaamua. Kama njia ya kumtoa Tekla ni kulifumbua fumbo lao, basi atalifumbua, hata kama shule yake iliishia darasa la saba na fumbo lenyewe hajawahi kulijaza hata la gazetini.

Siku zilizofuata alikuwa anafua vitambaa vya kidonda huku midomo inacheza. Mpe jirani, yako haipungui. Moto? Jirani akija kuomba kaa la moto, jiko lako halipoi. Lakini moto haurudi. Ukirudi, ni balaa. Ushauri? Haupungui, ila anayepewa mara nyingi hauchukui. Alifikiri akichota maji, alifikiri akimenya mihogo, mpaka ikamjia akiwa amepiga magoti: SALA. Ukimwombea jirani, yako haipungui, na Mungu anakurudishia. Alisimama pale pale na goti moja limekufa ganzi. Aliona kama Bwana mwenyewe amemnong'oneza.

Kisha akahesabu nyumba. SALA ina herufi nne. Mtaa wa wima una nyumba sita.

Mwingine angeacha. Yeye alisema moyoni kwamba labda kuna nyumba mbili zimezidi.

Sasa, nchi ile ina mahali pamoja ambapo sheria hazishiki, ni kile kiwanja cheusi cha majivu. Kwa kuwa hakina herufi, si cha mlalo wala si cha wima. Jioni wapenzi wa fumbo hukutana hapo kulinganisha majibu. Wanaliita Baraza la Waliopata. Skolastika aliongozwa na moshi wa vitumbua. Anayevipika alikuwa Nyamizi, mama wa makamo wa Mtaa wa Wima, nyumba ya tano. Karibu yake, ila amempa bega, alikaa Tawete, fundi cherehani wa Mtaa wa Mlalo, na futi yake ya kitambaa shingoni. Walikuwapo na wengine wengi, wa mitaa ya mbali. Wa mlalo walikaa kwao na wa wima kwao, na katikati sufuria la mafuta.

Namna yao ya kulinganisha ilikuwa hii. Mmoja anauliza hewani, bila kumtazama mtu:

"Ile ya jiwe la kisimani, kuna aliyeipata?"

"Nimeipata," anajibu wa upande huu.

"Nimeipata zamani," anajibu wa upande ule.

"Mimi niliipata kabla hata jiwe halijasimamishwa."

"Ina utamu wake, ile."

"Utamu wake uko mwishoni."

"Mwishoni? Haya. Aliyeipata anajua utamu uko wapi."

Wanacheka, wanatikisa vichwa, wanahamia nyingine. Skolastika alikaa jioni nzima akitazama. Alikuwa mtu wa kutazama. Kanisani kwao walimpa kazi ya kusimamia sahani ya sadaka kwa sababu hiyo. Akaona kwamba kila aliyesema "nimeipata" macho yake yalikwenda haraka kwa mwenzake, kuangalia kama naye hakuipata.

Akaja zamu ya jiwe la Mtaa wa Wima. "Nimeipata," akasema mmoja. "Nimeipata," akasema Tawete, ingawa halikumhusu. Ikafika kwa mgeni.

"Mimi sijaipata," akasema Skolastika.

Kitumbua kilichokuwa kinageuzwa kiliungua. Neno lile halikuwahi kusikika pale. Mtu mmoja alijifanya anakohoa.

"Hujaipata vipi, mama?" Nyamizi akauliza, kama mtu anayemwuliza mgonjwa.

"Nimepata nusu. Nimepata SALA. Lakini nyumba zenu zimezidi."

Walicheka! Walicheka mpaka Tawete akajifuta macho kwa futi yake. "Sala! Zimezidi nyumba! Mama, kwa hiyo tuzibomoe mbili ili sala yako ienee?"

"Cheka, baba. Mdogo wangu anaoza mguu kwa sababu yenu. Cheka, halafu uniambie wewe umepata nini."

"Mimi ni wa mlalo. Ya wima hainihusu."

"Umesema umeipata."

"Ni... namna ya kusema."

"Basi sema usichokipata."

Kicheko kikaishiwa nguvu. Tawete akatazama kushoto na kulia, akakumbuka yuko kwenye majivu, pasipo sheria. "Mimi najua kitu kimoja tu," akasema kwa sauti ya chini. "Kaburi letu ni la haki. Nililifumbua mwenyewe, wiki ile nilipomzika mama mkwe. Kwa hiyo neno lao, liwe lolote, lazima liishie kwa U. Haliwezi kuishia vingine. Hekima yao haiingii."

Nyamizi hakugeuka, aliongea na sufuria. "Na mimi mlango wangu ni M. Watu wangu hawaulizi. Lakini kila ninapotafuta neno jingine la kidokezo kile, hilo M linabaki pale pale, halinisumbui. Ndiyo maana mimi nina moyo mtulivu kuliko wenzangu, naweza kuwaza." Akageuza kitumbua. "Hekima hairudi mlangoni. Mimi nimewapa wanangu sita, hakuna aliyerudisha hata kipande."

"Haya," akasema Skolastika, na akachukua kijiti, akaandika kwenye majivu. Nyumba nne za kwanza akaweka SALA yake, kwa ukaidi tu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuweka. Nyumba ya tano akaweka M ya Nyamizi. Nyumba ya sita akaweka U ya Tawete.

Hakuna aliyesema "nimeipata". Waliinama wote, wa upande huu na wa upande ule, vichwa vikagongana.

SALAMU. Mpe jirani, yako haipungui, na itarudi mlangoni kwako.

Tawete na Nyamizi walitazamana. Walikuwa wamekula vitumbua vya sufuria moja miaka na miaka, na neno lile halikuwahi kupita kati yao. Tawete alifungua mdomo. Akaufunga. Akakunja futi yake, akasema, "Kesho nina nguo za watu," akaondoka. Aibu ina mwendo wa haraka.

Asubuhi Skolastika alipanda hadi nyumba ya kwanza. Nyamizi alikwenda naye, akisema anakwenda tu kuuza vitumbua. Mheshimiwa Lugome aliwapokea barazani, karani Kasanda pembeni yake. Alikuwa mtu mpole. Wapole ni wagumu kuliko wakali. Mkali ukimvumilia huchoka.

"Mama," alisema baada ya kusikiliza, "umelifumbua vizuri sana. Mimi mwenyewe nimeipata zamani."

"Unajua ni SALAMU?"

"Nimesema nimeipata. Sheria hainiruhusu kusema zaidi."

"Basi badilisha herufi, Mheshimiwa. Mdogo wangu atoke."

Lugome akaonyesha juu ya mlango. "Ile ni saruji, mama. Aliifinyanga marehemu baba kwa mikono yake. Wewe ni mjane, unajua marehemu anavyoheshimiwa. Nitapanda ngazi na patasi niichokoe kazi ya baba yangu, mtaa mzima unatazama?"

"Marehemu Gaudensi wangu alinijengea jiko," akasema Skolastika. "Likawa linapuliza moshi ndani, watoto wanakohoa. Alipokufa nilimlilia, namwombea mpaka leo kila jioni. Na jiko nikalibomoa."

Kasanda alianza kuandika, akakatazwa kwa jicho.

"Jiko ni lako," Lugome akasema taratibu. "Herufi hii ni ya historia. Tunachoweza kufanya ni kuunda kamati ya kuchunguza kama kaburi la wale wa mlalo ni kaburi kweli. Ikionekana ni kabari, mdogo wako atatoka siku hiyo hiyo."

"Kamati itachukua muda gani?"

"Hilo," akadakia Kasanda, akifurahi kupata nafasi, "ni kidokezo kizuri sana."

Waliteremka. Njiani Skolastika alikuwa na hasira, akashika rozari mpaka ikamwachia alama kiganjani. Nyuma yake Nyamizi alikuwa anahesabu milango: wa pili, wa tatu, wa nne. Akasimama.

"Mama Skola. Hivi tulikwenda kwake kufanya nini?"

"Kumwomba abadilishe."

"Yake ni moja. Mlango wa mdogo wako haugusani na wake. Kila mwenye nyumba anaandika yake kwa mkono wake, si ndivyo? Sheria haisemi tuanzie kwa Mheshimiwa. Sisi ndio tuliozoea kuanzia kwake."

Skolastika alitazama juu ya mtaa, akatazama chini. Ilikuwa kweli. Zilihitajika nyumba tatu tu. Wa pili aandike A badala ya E, wa tatu L badala ya K, wa nne A badala ya I. Nyamizi wa tano abaki na M yake. Yule wa kwanza akae na saruji yake.

Kusema ni rahisi. Walizunguka milango ile mitatu kutwa, na kesho yake, na siku iliyofuata. Wa nne alikubali haraka. Alikuwa amechoka kuandika I, alisema haina umbo. Wa tatu alikuwa mzee aliyeuliza kila mara, "Na nikinyimwa chaki?" maana kunyimwa chaki ni fedheha, mtu asiye na chaki haalikwi harusini. Skolastika akaenda kiwanja cheusi, akarudi na bakuli la majivu yaliyoloweshwa. "Andikia haya. Hakuna ofisi ya majivu." Mzee akanusa, akachovya kidole, akasema kwamba yanashika kuliko chaki.

Wa pili alikuwa mpwa wa Mheshimiwa. Huyo alifunga mlango. Skolastika akakaa kizingitini pake. Alisali rozari nzima kwa sauti, akamaliza, akaanza tena. Jua likamchoma, akahamia kivulini, akaendelea. Mwishowe mlango ukafunguka kidogo.

"Mama, nakuomba. Ni mjomba wangu. Nitamtazamaje?"

"Utamtazama kwa macho mawili, mwanangu. Mimi nitamtazamaje Tekla atakapoamka hana mguu? Njoo uuone kwanza. Ukishauona, ukitaka funga mlango, mimi sitarudi."

Akaja. Aliingia nyumbani kwa Tekla, akakaa muda mfupi, akatoka amefumba pua na macho yamelowa. Alikwenda kwake moja kwa moja, akafuta E kwa kiganja, akaandika A kubwa ya majivu, iliyopinda upande.

Tekla aliandika ya mwisho. Hakukubali kushikwa. Aliinuka kwa mguu mmoja, akaandika U, akakaa, akasema, "Sasa atakayekuja jioni aje na sababu."

Habari hizi hazikuweza kukaa mahali pamoja. Mchana watu wa mitaa yote walikuwa wamejipanga, mlalo upande mmoja, wima upande mwingine, Tawete mbele yao. Mheshimiwa Lugome akateremka na Kasanda wake. Alisimama chini ya mtaa, akageuka, akausoma kuanzia juu, mlango kwa mlango, midomo ikicheza.

HALAMU.

Lugome aligeuka rangi. "Hili," alianza, "hili ni kosa la—"

Kasanda alimvuta mkono wa shati. Alinong'ona, lakini sauti ya kuimba hainong'oni vizuri, na waliokuwa karibu walisikia. "Mheshimiwa, tafadhali. Ukisema ni kosa, kosa limebaki nyumba moja tu."

Mheshimiwa Lugome alifikiri. Ukimtazama usoni uliona anapanda ngazi na patasi, anashuka, anapanda tena. Hatimaye alikohoa, akanyoosha koti.

"Hili," alisema kwa sauti kubwa, "ndilo jibu. HALAMU ni neno la kale. Mababu walikuwa wakiambiana hivyo wanapokutana njiani. Marehemu baba alilijua, ndiyo maana alitumia saruji. Kuanzia leo kila mtu, wa mlalo na wa wima, atamwambia mwenzake 'halamu', na mwenzake ataitikia 'halamu'. Atakayepita kimya atanyimwa chaki."

Kisha Tawete, fundi cherehani, akavua kofia, akamgeukia Nyamizi, na midomo yake ikapata shida kama ya mtoto anayejifunza kusema. "Halamu, mama Nyamizi."

"Halamu, baba. Vitumbua vyangu umekula miaka yote hiyo, leo ndiyo unaniona?"

"Nilikuwa nakuona. Nilikuwa sina neno."

Mtaa mzima ukalipuka. Halamu huku, halamu kule, watu wanashikana mikono, wengine wanalicheka neno, wengine wanalia nalo. Skolastika hakuwa na nafasi ya kutazama. Alikuwa ameshamshika Kasanda kiwiko.

"Mitaa yote miwili imekubali herufi ya mlango wa Tekla?"

"Imekubali, mama."

"Sema wazi."

Kasanda akalitafuta jibu la wazi. Lilimtoka kama jino. "Anaweza kuondoka."

Machela ilitengenezwa kwa miti miwili na kanga za Skolastika. Wa mlalo wawili walishika mbele, wa wima wawili nyuma, na hatua za kwanza zilikuwa mateso, kwa kuwa hawakuwahi kwenda pamoja popote. Wa mbele walianza na kulia, wa nyuma na kushoto, Tekla akapiga yowe. "Simameni," akasema Skolastika. "Tazamaneni miguu. Haya. Moja." Wakaenda. Kwenye mpaka wale mgambo waliamkia, wakasema, "Halamu, mama."

"Itikia, dada," Tekla akanong'ona, "wasije wakaturudisha."

Skolastika hakutaka kulitamka neno ambalo si neno, wala hakutaka kuacha kuitikia watu waliomwamkia kwa moyo. "Amina, wanangu," akasema, na wakapita.

Daktari wa misheni aliosha, akakata palipooza. Mguu ulibaki. Vidole viwili havikubaki. Alisema kwamba kama wangekuja mvua zilipoanza, hata vile viwili angeviacha, akauliza walikuwa wanangoja nini. Skolastika akamweleza jinsi ilivyokuwa, mlango, herufi na saruji, bila kuongeza wala kupunguza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kunawa mikono.

Tekla alilala akitazama dari. Baada ya muda akasema, "Dada, ile nyumba yangu ataishika nani?"

"Mzee wa mlango wa tatu amesema ataiangalia. Nitamtumia barua kwa mchuuzi wa chumvi."

"Utamwandikia nini?"

"Nitamwandikia kwamba ni vidole viwili," akasema Skolastika, akiikunjua kanga iliyokuwa machela ili aifue. "Nitaiandika hivyo hivyo, aisome mbele ya Mheshimiwa. Nisipoiandika wazi, watasema wameipata."